Hapana ya Sibomana

Kazi yangu ni kuzisemea filamu. Huku kwetu Gisenyi tunaitwa wasobanuzi: filamu inakuja na Kiingereza chake, mimi naketi kando ya skrini na maikrofoni, naisema upya kwa Kiswahili ili watu wacheke panapochekesha na wanyamaze panapotisha. Sauti zote nazitoa mimi. Nimewahi kuwa bibi harusi, jambazi, daktari, na mara moja mbwa. Flashi zangu zenye filamu hizo zinavuka mpaka kwenda Goma ndani ya vikapu vya wauza nyanya, na ukisema Latif kuanzia sokoni mpaka pwani ya Nyamyumba, mtu atakuuliza, Latif wa filamu? Ukiniona najisifu, nivumilie. Sifa zenyewe zinaishia hapa.

Jumapili moja, saa nane mchana, ukumbi wa Mudathiru pale Mbugangari ulijaa mpaka mlangoni. Filamu ilikuwa ya mahakama ya kijeshi. Mbaya wake ni kanali mmoja mwenye kidevu kipana. Kikosi chake kimechoma kijiji na watu wakiwa ndani, na swali la filamu nzima ni moja tu: amri aliitoa yeye, au askari walijiamulia? Wakili wa serikali, kijana mwembamba, anamzungukazunguka, halafu anasimama mbele yake na kumuuliza, "Hukutoa amri?" Kanali anajibu neno moja la Kiingereza, "No." Nami kwa sauti yangu nene ya kanali nikasema, "Hapana."

Ukumbi ukalipuka. Watu walisimama juu ya mabenchi, wakapiga mluzi, wakapiga miguu sakafuni. "Amekubali! Amekubali!"

Sikuelewa. Nilidhani kuna mtu amefanya kituko huko nyuma. Filamu ikaendelea, kanali akakana nusu saa nzima, na watu wakazidi kunung'unika. Mwishoni wakili anamwonyesha picha ya mtoto aliyeungua. Kanali anainuka, anavua medali zake moja moja, anazipanga mezani, analia kama mtoto na kukiri kila kitu mpaka vile alivyokunywa kahawa siku hiyo. Muziki, kisha majina. Watu walitoka wakisonya.

Nje, mke wangu Yasmina huuza chai na sambaza, dagaa wa ziwa letu, za kukaanga. Nilipofika kwenye meza yake, kesi ya pili ilikuwa imeshaanza, na hakimu wake ni Bizumuremyi, mwendesha pikipiki mwenye domo la kutosha watu watatu.

"Papa Latif, ile filamu yako ni ya bajinga," aliniambia. "Kanali gani ule? Asubuhi anakubali, midi anakatala, mangaribi analia. Mutu mubaya hafanyake vile."

"Alikubali wapi?"

"Si avoka alimuuliza, 'Haukutoa amri?' Na yeye akasema, 'Hapana.' Donc alitoa!"

"Hapana ni hapana, we Bizumuremyi. Alikatala."

"Aah! Mi nikikuuliza, 'Haukukula?' na we unajibu 'hapana,' si umekula? Kama haukukula, utasema 'ndiyo, sikukula.' Kiswahili iko ya nani, ya wewe ao ya Bazungu?"

Watu wakacheka. Alikuwa sahihi. Sisi tunajibu maneno ya mtu: hukula? Ndiyo, ulivyosema ndivyo, sikula. Mzungu anajibu tendo lenyewe: sikula, basi no, basi non. Hapana yetu na non yao zinafanana sura tu, na mbele ya swali lenye "hu-" au "hau-" zinakwenda kila moja njia yake. Jambo hilo nalijua tangu utotoni. Lakini ulimi ukizoea kazi huacha kumuuliza mwenyewe, na neno moja likiingia sikioni hutokea jingine mdomoni. Nilijitetea kwa mzaha, nikamwambia Bizumuremyi kwamba ada ya shule yake ya Kiswahili nitamlipa kwa chai.

Hapo ndipo aliposema Mukagatare. Huyu ni mama wa Nyamyumba, amepita miaka sitini, anayemletea Yasmina sambaza kila Jumapili. Alikuwa na desturi ya kuketi nyuma ukumbini mpaka filamu iishe, kisha anachukua beseni lake na kuondoka bila neno. Siku hiyo alibaki.

"Ile ya kukubali na kukatala mi sijue," alisema. "Lakini kulia? Muuaji halilake. Komanda mwenye aliua mutoto wangu, benye bamuonaga ku tribinali banasema alikuwa mupole kupita padiri."

Kicheko kilikatika. Yasmina alimsogezea kiti, na yeye akatusimulia bila kupandisha sauti. Miaka saba iliyopita mwanawe, Egide, alikuwa akielekea kuvua na wenzake. Boti ya doria, ile wanayoiita vedeti, ikawakuta katikati ya ziwa, ikapiga risasi. Egide akafa ndani ya mtumbwi. Kesi ilisikilizwa na mahakama ya kijeshi, na yeye hakuweza kufika. Askari wawili wadogo walifungwa. Komanda alisema hakuwamo botini, alikuwa kambini anaumwa malaria, na aliachiwa, kwa kuwa shahidi mmoja tu ndiye aliyekuwa karibu vya kutosha kuona sura za watu, na shahidi huyo alinunuliwa.

"Ni mutoto wa kaka yangu," alisema. "Nilimulea tangu iko na miaka mitatu. Yeye na Egide banakulaka mu sahani moja. Sibomana. Balimuuliza kama hakuona komanda mu vedeti, akasema hapana."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nilikiweka chini.

Akatoa karatasi ya hukumu ndani ya mfuko wa plastiki aliokuwa ameufunga kwenye kona ya kitenge, karatasi iliyokunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo imekuwa myeupe. "We unajua Kifaransa, Papa Latif. Unisomee. Roho yangu ikianza kumuhurumia ule mutoto, natafutaka mutu wa kunisomea pale pa Sibomana."

Nikasoma. Nilisoma namba ya kesi, nikasoma majina ya majaji na la karani, na mstari wa nne ulikuwa na maneno haya: mkalimani aliyeapishwa, kisha jina langu na la baba yangu, herufi zote. Mstari huo niliuruka. Ni ufundi wa kazi yangu kuruka bila msikilizaji kujua. Nikashuka mpaka ukurasa wa tatu, nikamsomea alichotaka: alipoulizwa kama hakumwona komanda ndani ya boti, shahidi alijibu hapana.

"Merci," alisema. Akaikunja, akaifunga, akachukua beseni lake.

Mahakama yenyewe sitaitaja, wala jeshi la nani. Ziwa hili lina pande mbili na mimi naishi upande mmojawapo. Nitasema tu kwamba ilikuwa chini ya turubai, joto kali, kesi kwa Kifaransa, nami nilikodiwa kwa siku mbili kuwatafsiria mashahidi. Sibomana alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, shati jipya lililobaki na mikunjo ya dukani, mikono akiishika nyuma kama yuko mbele ya mwalimu. Kifaransa hakujua hata neno moja.

Komanda alikuwa ameketi upande wa kushoto na daftari dogo. Alijua Kifaransa, Kiswahili na Kinyarwanda, zote vizuri kunishinda. Sibomana alipoulizwa saa, alisema saa kumi na moja jioni, nami katika kukimbizana nikasema onze heures du soir, yaani saa tano usiku. Komanda akainua mkono. Aliomba ruhusa kwanza. "Mheshimiwa Rais wa mahakama, niwie radhi, mkalimani amechoka na si kosa lake. Saa kumi na moja ya watu wa hapa ni saa kumi na saba ya saa yako." Majaji wakatazamana. Kosa langu lingeifanya iwe usiku, na usiku ungemsaidia yeye: shahidi angeona nini gizani? Lakini alilisahihisha, tena dhidi yake mwenyewe. Niliona jaji mmoja akimtazama kwa namna nyingine kuanzia hapo. Hata mimi nilimpenda. Nasema ukweli, nilimpenda, kwa sababu aliniokoa na aibu. Baadaye ndipo nilipokumbuka kwamba daftari la doria lilikuwa mezani, na saa ilikuwa imeandikwa humo tayari.

Dakika chache baadaye wakili wa komanda alisimama. Aliuliza swali lake kwa Kifaransa chenye "ne" na "pas", maneno yao ya kukanusha, nami nikalipeleka kwa Sibomana vilevile: "Haukuona komanda mu vedeti?"

"Hapana," alisema Sibomana, kwa nguvu, na kidevu akakiinua.

"Non," nikasema mimi.

Wakili akasema hana swali lingine. Rais wa mahakama akasema shahidi anaweza kushuka. Na sasa nakiona kila kitu. Komanda alikuwa ameinua kalamu, akaifunga kifuniko, akaiweka kando ya daftari, akakunja mikono. Mtu aliyesikia saa kumi na moja hakukosa kusikia hapana. Hakutabasamu, wala hakunitazama. Alinyamaza tu, kwa heshima, kama mtu anayengoja zamu yake benki. Na Sibomana hakushuka. Alisimama palepale akisubiri aulizwe alichokiona, maana alikuwa ameshasema kwamba ameona, na mtu akisema ameona si huulizwa ameona nini? Alinigeukia mimi. "Lakini, mzee..." alianza.

Nikamwambia, "Imeisha. Shuka."

Siku tatu nilikaa na jambo hili. Chakula nilikirudisha jikoni. Jumatatu nilijiambia kwamba huenda kijana yule alikusudia kweli kukana. Nani awezaye kuapa? Jumanne nilijiambia kwamba komanda angeponyoka tu, wakubwa huponyoka. Jumatano asubuhi Yasmina alikuwa akikamua nguo uani, akaniuliza bila kugeuka kama nimeua mtu. Nikamwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika shuka lililokamuliwa nusu.

"Ule mama nilikuwa namuuzia sambaza yake mwaka muzima," alisema. "Mwaka muzima, Latif, anakaa kwa kiti yangu." Kisha akasema, "Mficha uchi hazai. Utaenda kumwambia."

"Nani atanipatia kazi, wakijua? Kazi yangu ni ulimi."

"Basi nyamaza. Komanda naye alinyamaza."

Nilimkasirikia sana, kwa kuwa ndilo neno nililokuwa nalikimbia siku zote tatu. Nilimtafuta Bizumuremyi, nikapanda pikipiki yake mpaka Nyamyumba, na njiani, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakupiga domo.

Mukagatare alikuwa nyuma ya nyumba yake akigeuza sambaza juani kwenye wavu. Nilimwita Mama Egide. Akainua uso, kwa kuwa pale mezani hakuna aliyemwita hivyo. Nilisimama, sikutaka kuketi, nikamweleza: kwamba mkalimani wa siku ile nilikuwa mimi, kwamba jina langu limo kwenye karatasi na niliruka kulisoma, kwamba Sibomana aliulizwa "haukuona" akajibu "hapana," nami nikapeleka "non." Nikamweleza maana ya non.

Aliendelea kugeuza samaki. Nilifikiri hakuelewa, nikaanza upya, akanizuia kwa kiganja.

"Nimeelewa. Haukuona? Hapana. Ni kusema alimuona."

"Ndiyo, Mama."

"Na alisema kwa nguvu, ao kwa sauti kidogo?"

"Kwa nguvu."

Akakaa chini, palepale kwenye majani, miguu mbele. Sikuwahi kumwona mtu mzima akikaa chini hivyo. "Yezu we," alisema. "Yezu we, Yezu we." Nilitaka anitukane. Ningelipa anitukane. Hakunitazama hata. Aliniambia kuanzia hapo, kwa vipande, kwamba Sibomana alirudi kutoka mahakamani mwenye furaha, akamwambia, Shangazi, nimesema. Kwamba wiki mbili baadaye karatasi ilifika na avoka akaisoma. Kwamba yeye mwenyewe alichukua godoro la kijana yule na kulitupa njiani mbele ya majirani. Kijana alirudi mara nyingi, akapiga magoti pale pale penye wavu, akasema, mi nilisema nilimuona. Na yeye, mama aliyemlea, akampungia karatasi usoni.

"Alioa," alisema. "Sikuenda. Mutoto wake alikufa, sikuenda."

Nikamsaidia kusimama. Tulimkuta Sibomana pwani, mwendo wa nusu saa kwa miguu, akipakia mchanga kwenye lori kwa sepetu. Hiyo ndiyo kazi iliyombakia. Kuvua ni kazi ya kundi: mitumbwi mitatu hufungwa pamoja, watu kumi na zaidi wanaimba na kupiga makasia kwa pamoja, na hakuna kundi linalomchukua mtu aliyeuza damu ya ndugu yake. Alikuwa amezeeka kuliko umri wake. Alimwona shangazi yake, akasimamisha sepetu. Kisha akanitazama mimi, na nikaona kwamba alinitambua kabla sijafungua kinywa.

Nilisema yote tena. Wenzake waliendelea kurusha mchanga. Nilipomaliza, hakuniambia mimi kitu.

"Shangazi," alisema, "nilikuambia mara ngapi?"

"Mara mingi."

"Unanijua tangu naanza kusema. Nilishakudanganyaka?"

"Hapana," alisema Mukagatare, na machozi yakaanza kumtiririka.

"Ukasadiki karatasi."

Hakusema kwa hasira. Laiti angesema kwa hasira. Mukagatare alinyoosha mkono kuelekea shati lake, akaurudisha. Nikaingilia, nikauliza nifanye nini. Kesi imefungwa, komanda alishapandishwa cheo na kuhamishwa, lakini niko tayari kuandika, kuapa, chochote.

"Karatasi sitaki," alisema Sibomana. "Kesho asubuhi mitumbwi ikirudi, uje ku musenyi, ku muchanga pale banapimiaka samaki. Useme kwa banaume benye bananifukuzaka. Mi nataka kurudi mu maji. Ni ile tu."

Nilikubali, tena kwa moyo mwepesi. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo makubwa kuliko hayo. Kusema mbele ya watu ndiyo kazi yangu. Nilirudi nyumbani nikala kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

Kesho yake mitumbwi iliingia jua likiwa limeshachomoza, wanaume wakishuka na macho mekundu, wanawake wakisogea na mabeseni. Mukagatare alikuwepo, amevaa kitenge cha kanisani. Sibomana alisimama kando kidogo, sepetu begani, kama mpita njia. Nilipanda juu ya mtumbwi uliopinduliwa, nikasema mimi ni Latif, na nina neno juu ya kifo cha Egide.

"Eh! Iko Latif wa filamu!" mwanamke mmoja akapaza sauti, na vicheko vikaenea. "Papa Latif, utufanyie sauti ya ule kanali!"

Nikasema nimekuja kwa jambo la kweli. Nikalieleza taratibu, swali na jibu, hapana na non. Niliwaambia kwamba kosa ni langu, si la Sibomana, na kwamba namwomba msamaha mbele yao. Sauti ilinitetemeka. Sikuitetemesha kwa makusudi, Mungu ni shahidi, lakini niliisikia mwenyewe masikioni mwangu, na ilikuwa sauti ileile niliyompa kanali Jumapili wakati anavua medali. Sina nyingine. Sauti zangu zote nimezitumia.

Hakuna aliyecheka tena, na nikadhani nimewapata. Kisha akasogea Aloys, kiongozi wa kundi alilokuwamo Egide, mtu mzito wa maneno machache. Zamani Sibomana naye alivua katika kundi hilo.

"Mzee," aliniuliza, "nani amekupatia?"

"Amenipatia nini?"

"Franga. We mwenyewe unajua. Miaka saba haukusema. Leo unakuja, unajishitaki bure, mbele ya batu. Mutu mwenye kosa hajisemake. Jumapili nilikuwa mu sinema yako, tulicheka ule kanali juu ya ile. Na we unatuletea tena?"

"Ni kweli tupu, Aloys. Niko naapa."

"Kazi yako ni kusema maneno haiko ya wewe. Kila siku unalia, kila siku unaapa. Nitajuaje leo ni wewe?"

Niliwatazama mmoja mmoja. Hawakuwa na chuki. Walinitazama vile watu wanavyomtazama mganga wa sokoni, kwa subira, wakingoja amalize. Mukagatare akajisukuma mbele. "Mi namusadiki!" alipiga kelele. "Mi mama yake Egide, namusadiki!"

Aloys alimshika bega kwa upole wa kweli. "Mama, tunajua. We uko peke yako, umezeeka, unataka mutoto arudi mu nyumba. Hakuna mutu atakulaumu. Umurudishe. Lakini mu mutumbwi yangu, hapana."

Akageuka akaanza kupima samaki wake, na wengine wakamfuata, kwa kuwa sambaza haingoji na jua lilikuwa linapanda. Niliendelea kusema. Nilitaja namba ya kesi, nikaeleza mambo ya turubai, joto, shati lenye mikunjo ya dukani. Kila nilichoongeza kilizidi kunoga, na kila kilivyonoga walizidi kutosadiki. Mwanamke mmoja, akipita na beseni kichwani, aliniambia kwa wema kwamba naifanya vizuri sana, na kwamba flashi yake itauzwa.

Nilishuka kwenye mtumbwi. Mukagatare alikuwa amemshika Sibomana mkono wa shati, na safari hii hakuurudisha wake; Sibomana hakumtoa, lakini naye hakumshika. Nilimwendea nikamwambia hawakunisadiki. Nilimwambia kama mtu anayeleta habari.

"Nimeona," alisema.

"Nilisema vile ilikuwa. Sikuongeza neno. Unasema kweli tupu, na wanakutazama hivi tu!" Nilikuwa nalia, mzee mzima na mvi zangu, pwani, mbele ya wauza samaki. "Sijui nifanye nini tena."

Sibomana aliutoa mkono wa shangazi yake taratibu kwenye shati, kidole kimoja kimoja, akaishusha sepetu begani.

"We uko na asubuhi moja," alisema. "Mi niko na miaka saba."

Kisha akaenda, maana lori la mchanga lilikuwa limefika na dereva anapiga honi.